Miguu Ikivimba Usiseme Karogwa Wala Mlevi: Historia ya Ugonjwa wa Ini Huku Kwetu Uchagani

Leo naomba tuweke pembeni habari za mastaa na mitindo. Kuna jambo nimekaa nalo zaidi ya miaka mitano, nimelisoma sana, nimewauliza watu wanaojua, na sasa naona nilitoe. Ni refu kidogo. Chukua chai yako, kaa vizuri, twende taratibu.

Mimi sio daktari. Niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea mwenyewe. Nitakayoyasema hapa ni historia, na ni kisa cha nyumbani kwetu. Majina sitaja, maana walio hai wanasoma blogu hii.

KRISMASI YA YEBOYEBO

Mnajua Desemba yetu ilivyo. Watu wanapanda Moshi kutoka Dar, Arusha, Mwanza, mabasi yanajaa, ndizi zinamenywa, mbuzi wanahesabiwa siku. Desemba ya 2018 nasi tulikusanyika kwa baba mkubwa, upande wa Machame. Mzee alikuwa mtu wa kanisa, na pombe hajawahi kugusa. Hata kwenye harusi, kata ya mbege ikimfikia alikuwa anaipokea kwa mikono miwili, anainua kidogo kwa heshima, halafu anampitishia wa pembeni yake. Kila mtu alimjua hivyo.

Sasa siku ya Krismasi mzee akaja kanisani na suti yake ya kijivu, tai imenyooka, na miguuni amevaa yeboyebo. Zile za plastiki za kuendea shamba. Watoto wakacheka. Binamu yetu mmoja aliyetoka Dar akainama kama anafunga kamba za raba yake, akaangalia. Miguu ya mzee ilikuwa imejaa kuanzia kwenye vifundo hadi karibu na magoti, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Viatu vyake vyeusi vilikuwa havimwingii tena tangu Oktoba. Hakumwambia mtu.

Kufikia mwaka mpya kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu mbili.

Hukumu ya kwanza: mzee alikuwa mlevi wa kujificha. "Miguu ile ni ya gongo, msidanganyike, hawa watakatifu ndio hunywa usiku." Hukumu ya pili ilitoka ndani ya ukoo wetu wenyewe: mzee amekanyaga kitu. Mwaka 2017 aligombana na jirani wa kihamba cha chini kwa sababu ya mpaka, masale yalisogezwa hatua mbili tatu, maneno yakawa makali. Kwa hiyo ikasemwa kwamba jirani aliweka kitu pale kwenye masale, mzee akapita asubuhi na umande, miguu ikapokea.

Kama hutoki huku kwetu, sale ni ule mmea wenye majani marefu membamba tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba. Kumbuka huo mmea, tutaurudia mwisho.

Zahanati moja ikampa vidonge vya kumkojoza. Uvimbe ukapungua wiki mbili, ukarudi. Damu hakuna aliyempima. Halafu akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale kwenye miguu yote miwili kwa wembe, dawa nyeusi ikasuguliwa. Wembe huo ulikuwa umechanja wangapi kabla yake, na ulichanja wangapi baada yake, hilo nalo tutalirudia.

Kabla sijamalizia ya mzee, turudi nyuma. Maana hizi hukumu mbili, ulevi na uchawi, hazikuanza Machame. Dunia nzima imewahi kutazama miguu iliyovimba ikakosea.

ZAMANI KUVIMBA KULIKUWA NI UGONJWA WENYEWE

Sikiliza lugha yetu kwanza. Kiswahili kina neno safura. Wazee wa pwani walilitumia kwa mtu aliyepauka, aliyevimba, aliyechoka, na siku hizi wengi wanalijua kama ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu. Neno lenyewe lina undugu na neno la Kiarabu la rangi ya njano. Yaani watu waliona rangi, wakaona uvimbe, wakatoa jina. Ni kitu gani ndani ya mwili kimeharibika, hapo hapakuwa na jibu.

Na sio sisi tu. Wagiriki wa kale walikuwa na jina lao la ugonjwa wa maji, mtu anajaa maji tumboni na miguuni. Karne ya 3 kabla ya Kristo, tabibu mmoja aitwaye Erasistratus, aliyehusishwa na mji wa Alexandria huko Misri, alishasema maji ya tumboni yanaendana na ini lililokuwa gumu. Fikiria, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita! Lakini kwa karne nyingi baada yake, matabibu wa Ulaya waliendelea kuuita uvimbe ugonjwa mmoja. Ukivimba, una ugonjwa wa maji. Unatolewa damu, unapewa dawa ya kuharisha, basi.

Mabadiliko makubwa yalikuja karne ya 19. Mwaka 1819 daktari Mfaransa, René Laennec, yule yule aliyebuni kile kifaa cha kusikilizia kifua, aliandika kuhusu ini lililosinyaa na kujaa vinundu. Akaliita kwa neno la Kigiriki la rangi ya manjano ya hudhurungi, ndiyo sirosisi tunayoisikia hospitalini mpaka leo. Ona sasa, Mfaransa naye alitaja ugonjwa kwa rangi, kama wazee wetu wa safura. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amefungua maiti akaliona ini lenyewe.

Halafu mwaka 1827, London, daktari Richard Bright akatoa kitabu chake. Huyu alikuwa anachukua mkojo wa mgonjwa aliyevimba, anauweka kwenye kijiko, anaupasha kwa mshumaa. Kwa baadhi ya wagonjwa mkojo uliganda ukawa mweupe kama ute wa yai. Alipofariki mgonjwa wa namna hiyo, Bright alikuta figo zimeharibika. Kwa wengine mkojo haukuganda, shida ilikuwa kwenye moyo au ini. Hapo ndipo ilipoanza kueleweka vizuri: kuvimba miguu ni barua tu. Aliyeiandika anaweza kuwa figo, moyo au ini, na lazima umtafute.

Mwaka 1896 Mwingereza mwingine, Ernest Starling, akaeleza maji yanatokaje kwenye mishipa. Nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi. Damu yako ina protini inaitwa albumini, na kiwanda cha albumini ni ini. Kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa. Ini likichoka, albumini inapungua, maji yanavuja kwenda kwenye nyama. Juu ya hapo, ini likiwa gumu damu inayotoka tumboni inashindwa kupita, inarudi nyuma na kusukuma, kama mfereji ulioziba. Figo nazo zinadanganyika zinaona damu haitoshi, zinashika chumvi na maji zaidi. Na maji, kama mnavyojua sisi watu wa mlimani, hayapandi. Yanateremka. Yanateremka mpaka miguuni.

Kwa hiyo mzee alipovaa yeboyebo kanisani, miguu yake ilikuwa inasema habari za juu, za chini ya mbavu za kulia. Sisi tukawa tunaangalia udongo aliokanyaga.

MBEGE, GONGO NA VIROBA

Sasa nije kwa Wachagga wenzangu, msinipige mawe. Ile hukumu ya ulevi haikutoka hewani. Pombe na mlima huu wana historia ndefu.

Mbege inatengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa, ulezi uliooteshwa ukawa kimea, na magome ya msesewe ya kuipa ule uchungu. Inanywewa ndani ya siku chache, maana inachacha. Zamani haikuwa kitu cha kunywa tu kila siku ukijisikia. Ilikuwa ya mahari, ya tambiko, ya kusuluhisha kesi, ya kuwaita watu wakusaidie kazi. Ilihitaji ndizi, kuni, ulezi, na siku kadhaa za mama jikoni. Ugumu wa kuitengeneza ndio uliokuwa breki yake.

Kahawa ikaleta pesa taslimu. Chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kikaundwa 1925, na KNCU ikafuata 1933. Mlima ukawa na shule, mabati na viatu, hiyo ni faida. Lakini pia ikawa rahisi mtu kununua kinywaji bila kusubiri tambiko wala harusi. Wakati huo serikali ya mkoloni iliwazuia Waafrika kununua pombe kali za dukani, na kutengeneza gongo ilikuwa kosa. Gongo ikajificha migombani, na haijatoka mpaka leo. Hii ni kitu kingine kabisa, haina chakula ndani yake kama mbege, ni kali, na inaweza kuwa na sumu mtengenezaji asiyoijua.

Kizazi changu mimi kilikutana na viroba. Vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, bei ya pipi, vinaingia mfuko wa shati la shule. Serikali ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Nawafahamu vijana wa rika langu ambao viroba viliwamaliza kabla ya marufuku hiyo. Mmoja tulicheza naye mpira, akafa kabla ya kufikisha miaka 25, macho ya njano, tumbo mbele, mapaja yamebaki kama ya mtoto.

Kwa hiyo ndiyo, pombe inaua ini, na inayoua ni wingi na miaka, hata iwe mbege. Lakini hapa ndipo kijiji kinapokosea: kwa kuwa tunajua adui mmoja, kila mwenye ini bovu tunamwita mlevi. Ini lina maadui wengine, na baadhi wanakaa mita chache kutoka kwenye mlango wa nyumba ya ibada.

MAJI YA CHINI

Kila Mchagga wa zamani alijua tofauti ya juu na chini. Juu ni kihamba, migomba, kahawa, mifereji ya wazee wetu yenye maji ya baridi. Chini ni tambarare, mahindi, joto, mbu. Babu zetu hawakupenda kulala chini. Walilima wakarudi juu.

Miaka ya 1930 Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, likaanzishwa shamba kubwa la miwa la kampuni ya Wadenmark, ndilo TPC. Miwa inataka maji, maji yakaletwa kwa mifereji, na maji ya mfereji yenye joto na majani yanapendwa na konokono fulani. Ndani ya konokono hao anakaa mdudu wa kichocho. Mtu akiingia majini, mdudu anapenya kwenye ngozi, mara nyingi ya miguu. Tena miguu!

Wengi tunajua kichocho cha kukojoa damu. Kuna kingine, kichocho cha tumbo. Huyu mdudu anataga mayai kwenye mishipa ya utumbo, mengine yanasafiri na damu hadi kwenye ini na kunasa huko. Miaka ikipita ini linajaa makovu, bandama inavimba, tumbo linajaa, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Mpaka miaka ya 1960 tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wataalamu walikuwa wanafanya kazi ya kuua konokono kwenye mifereji ya shamba lile la Arusha Chini na kupima matokeo. Leo dawa ipo, prazikwanteli, na watoto wa shule wanapewa. Lakini fikiria kibarua wa mwaka 1958 aliyerudi kijijini juu akiwa na tumbo kubwa. Unadhani waliomwona walisema konokono? Walisema amerogwa na watu wa chini, au amekunywa sana mshahara.

Adui mwingine nimtaje haraka: sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu zaidi ya 60 waliugua mikoa ya Dodoma na Manyara, na karibu 20 walifariki. Macho ya njano, tumbo na miguu kuvimba. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Na sumukuvu ikikutana na adui ninayemtaja sasa hivi, hatari ya saratani ya ini inapanda sana. Mahindi yenye ukungu usimpe kuku, usipeleke kwenye kimea, tupa.

MWAKA ULIOZALIWA

Sasa tufike kwenye lile lililonifanya niandike.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Baruch Blumberg, alikuwa anakusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali. Hakuwa anatafuta ugonjwa wa ini. Alitaka kujua damu za binadamu zinatofautianaje. Kwenye damu ya mwenyeji mmoja wa Australia akakuta kitu asichokielewa, akakitangaza mwaka 1965. Baadaye ikajulikana kuwa kile kilikuwa sehemu ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Alipata tuzo ya Nobel 1976. Chanjo ya kwanza ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Kirusi hiki kinapita kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, watoto wadogo wenye vidonda wanaocheza pamoja, ngono, sindano, nyembe. Na hapa kuna jambo la ajabu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unakishinda, wanaobaki nacho ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 wanabaki nacho maisha yote. Kinakaa kimya. Miaka 20, 30, 40. Hakuna maumivu, hakuna homa. Halafu siku moja viatu vya kanisani havikuingii.

Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Soma tena hapo. 2002.

Mimi nimezaliwa 1999. Mdogo wangu wa kike kazaliwa 2004. Yeye alichomwa kliniki akiwa mikononi mwa mama, mimi sikuchomwa. Wewe umezaliwa lini? Kama umezaliwa kabla ya 2002, na hujawahi kutafuta chanjo hii mwenyewe, uwezekano mkubwa ni kwamba huna. Wazazi wako ndio kabisa. Wazee wetu waliotahiriwa kwa kisu kimoja rika zima, waliochanjwa chale kwa wembe mmoja, hawakuwa na kinga yoyote.

Sasa turudi kwa baba mkubwa. Februari 2019 tumbo lilijaa na macho yakawa ya njano. Machi akafikishwa hospitali kubwa. Walimpima damu, wakampiga ultrasaundi. Homa ya ini aina ya B, ya miaka mingi, ini limesinyaa, na kuna uvimbe ndani yake. Daktari, kijana tu, akatuuliza tuliokuwepo: "Wadogo zake na watoto wake, mmewapima?" Hakuna aliyejibu. Mzee alifariki Mei. Tulimzika kihambani, karibu na migomba.

Na swali la daktari nalo tukalizika. Huo ndio ukweli unaoniuma. Ukoo ulikaa ukaamua kwamba neno hilo lisitamkwe. Ugonjwa unaopita kwa ngono? Mzee wa kanisa? Bora waendelee kusema uchawi, uchawi angalau unakufanya mtu wa kuonewa huruma. Miezi ikapita bila mtu kupima.

Mwaka 2020 yule binamu wa Dar aliyeinama kanisani akachangia damu. Damu ya kuchangia hupimwa Ukimwi, kaswende na homa za ini. Akaitwa, akaambiwa. Akatupigia simu wote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hakuandika, alipiga, mmoja mmoja. Ndipo tukapima. Baba mdogo alikutwa nacho pia, na hakuwa na dalili hata moja, yuko anapalilia kahawa. Leo anameza kidonge kimoja kila siku, hakimwondoi kirusi lakini kinakilaza, na ini lake linafuatiliwa. Mimi sikukutwa nacho, nikachoma chanjo tatu: ya kwanza, ya mwezi uliofuata, na ya miezi 6. Daktari alisema huenda kirusi kilitoka kwa bibi, bila yeye kujua, akawapa wanawe siku walipozaliwa. Hakuna dhambi hapo. Hakuna wembe wa siri wala chupa ya siri.

DALILI ZA MIGUUNI, KWA KIFUPI

Nimeandika kwa lugha yetu ili usisahau:

1. Kuvimba miguu yote miwili, bila maumivu makali. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, hesabu mpaka 10, achia. Shimo likibaki, hayo ni maji. Viatu kubana na soksi kuacha alama nzito ni dalili za mwanzo.

2. Kuwashwa nyayo na viganja, hasa usiku, bila vipele. Inaweza kuwa nyongo imezuiwa.

3. Michubuko na vidoa vyekundu au vya zambarau kwenye miguu bila kujigonga. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu.

4. Mapaja na ndama za miguu kupungua nyama huku tumbo linakua. Wengi wanasema "amepungua miguu, amenenepa tumbo." Huo sio unene.

5. Misuli kukaza usiku mara kwa mara, na ganzi ya nyayo kwa wanywaji wa muda mrefu.

Lakini kumbuka Bright na kijiko chake. Hizi ni barua, na mwandishi anaweza kuwa mwingine. Figo, moyo, matende, ujauzito, hata dawa fulani za presha. Na mguu MMOJA ukivimba ghafla ukauma na kuwa wa moto, usisubiri kesho, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na hiyo inaua haraka. Kipimo cha kwanza cha homa ya ini ni tone la damu tu. Na zile dawa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi, muuzaji hajui ini lako lina nini, na mitishamba mingine inaliumiza zaidi.

Na moja la muhimu kwetu Wachagga: homa ya ini B haipiti kwa kata ya mbege, wala sahani, wala kupeana mkono, wala kukaa na mgonjwa. Nyembe, mswaki, sindano, hivyo usichangie. Baba mdogo aliwahi kuwekewa kikombe chake peke yake kwenye msiba. Alikinywa. Hakusema kitu. Sitaki mwingine afanyiwe vile.

SALE

Nimalizie na jirani.

Tangu 2019 familia yake na yetu hazikusalimiana. Mkewe alitukanwa sokoni, aliitwa mchawi mbele ya wanawake wenzake, na aliyemtukana ni mtu wa kwetu. Watoto wao na wetu waliokuwa wanasoma pamoja wakabadilisha njia ya kwenda shule. Wote kwa sababu ya miguu ya mtu aliyekuwa na kirusi tangu alipozaliwa.

Wazee wetu walikuwa na njia ya kuomba radhi. Unachukua jani la sale, lile lile la mpakani, unampelekea uliyemkosea. Ukiletewa sale ni vigumu sana kukataa, ni kama kukataa ukoo wote na waliolala ardhini. Mwaka 2021 baba mdogo, yule mwenye kidonge chake, alikata sale akafunga fundo, akateremka kihamba cha chini. Mimi nilimfuata nyuma. Alisimama mlangoni, akasema kila kitu, jina la ugonjwa, na kwamba hata yeye anao. Jirani alikaa kimya muda mrefu. Halafu akapokea sale kwa mikono miwili, akasema, "Aika, mbe." Tukaletewa chai.

Mkewe hakutoka ndani. Alikuwepo, tulimsikia jikoni. Mpaka leo anasalimia akipita, lakini kwetu hajaingia, na simlaumu.

Kwa hiyo wadau, ukiona mtu wako amebadilisha viatu, usicheke kama tulivyocheka sisi. Usimnusishe pombe, usimtafutie mchawi. Mwambie akae, mbonyeze mguu, hesabu 10. Na wewe mwenyewe angalia mwaka uliozaliwa.

Umeshapima? Umezaliwa kabla au baada ya 2002? Niambie hapo chini, kama hutaki jina lako lionekane andika tu mwaka, nitaelewa.